Pampu yangu ya zamani mmeipeleka wapi?

Niseme hili mapema kabla hasira hazijapanda: pampu ya mafuta ya lori waliyonifungia kwenye gereji hii inafanya kazi. Tangu siku ile nimepanda mlima Kitonga mara nne na mzigo, na gari halijakohoa. Mtu akiishia hapo atauliza, sasa huyu analalamika nini? Nataka pampu yangu ya zamani.

Ilikuwa miezi ile ya baridi, nimebeba salfa ya kwenda Congo. Tulipotoka Iringa gari likaanza uvivu. Kwenye tambarare linakwenda vizuri, likiona kilima linaishiwa pumzi. Nikayashuku mafuta, maana nilikuwa nimejaza kwenye sheli nisiyoizoea, na sisi wa barabarani uchakachuaji ulitufundisha kutomwamini mtu. Tulipoipita Mafinga likazima. Nikawasha, likashika, likazima tena. Mara ya tatu likagoma kabisa.

Mimi udereva nimejifunzia kwenye Scania 113. Kule gari likivuta hewa unalegeza nati, unapampu kwa mkono mpaka povu liishe, unaendelea na safari. Hili la sasa pampu yake ni ya umeme na imezamishwa ndani ya tenki. Ukifungua swichi unasikia mvumo mdogo, kama nyuki aliyenaswa kwenye debe. Nikamwambia utingo aweke sikio kwenye tenki. Kimya. Akabadilisha fyuzi. Kimya. Akaligonga tenki kwa kipande cha mti, pampu ikazinduka, tukatembea kama kilomita mbili, ikalala. Hapo hata utingo wangu, ambaye leseni hana, alishajua ugonjwa ni nini.

Madereva wenzangu wakanielekeza gereji. Jina silitaji. Ni njia hiyohiyo kabla ya Makambako, na wanaotembea huko watakuwa wameshaelewa.

Sasa nisiwe mnafiki. Kijana aliyeishika kazi yangu ni fundi haswa. Hakukimbilia kufungua. Alianza na taa ya kupimia pale kwenye soketi ya pampu, akanionyesha inawaka: "Umeme unafika, kaka. Mgonjwa yuko ndani." Akahamishia dizeli yote kwenye madumu. Ile pete kubwa inayoishika pampu aliigonga kwa kabari ya mti, polepole, akizunguka. Nilipomsogezea patasi akakataa, chuma kwa chuma juu ya tenki hataki. Pampu ilipotoka akamulika chini, akaniita nione: tope jeusi, vipande vya plastiki, na kitu kama kitambaa. Akasema pampu mpya ikiingia kwenye uchafu ule tutaonana tena baada ya mwezi. Akalisafisha tenki mpaka likang'aa, akaweka mpira mpya wa kuziba na filta mpya. Akafungua swichi. Nyuki akalia. Ningeondoka dakika ile, leo ningekuwa naandika sifa tupu.

Lakini nilikuwa nimempigia simu tajiri, na tajiri akasema neno ambalo kila dereva wa gari la mtu analijua: "Ya zamani rudi nayo."

Asiyewahi kuendesha gari la mtu anaweza asielewe. Risiti haimshawishi tajiri yeyote nchi hii. Risiti inaandikwa na yeyote, kiasi chochote, hata nyuma ya kibanda cha chipsi. Pampu iliyokufa haiandikwi. Ukiiweka mezani kwake, imechakaa na inanuka dizeli, maneno yanaisha. Usipokuwa nayo, umekula hela ya pampu, na labda hata gari halikuharibika, ulikuwa umelala kwa mtu Mafinga.

Nikaenda kwa fundi mkuu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari, anakula karanga, macho kwenye simu. Nikamsalimia, nikamwomba ile pampu.

"Hapa vya zamani havitoki."

Nikamuuliza kwa nini, wakati ni mali yetu na tumenunua mpya kwa hela yetu.

"Unataka ukaipike?"

Gereji nzima ikacheka. Utingo wangu naye alicheka, na hilo sijamsamehe. Nikasema kwa upole, fundi, mimi tajiri wangu anaisubiri. Hakuinua macho. "Wewe ni dereva, endesha. Tajiri akiitaka aje mwenyewe." Mtu mwenye umri wa mdogo wangu wa mwisho! Nina miaka ishirini na kitu barabarani, nimelala mpakani Kasumbalesa wiki nzima kwenye foleni bila kumtukana mtu, na siku ile nilikaribia.

Nikaondoka mikono mitupu. Nilipofika mbele kidogo nikaona geji ya mafuta imeganda kwenye nusu. Mkono wa boya, lile linaloelea ndani ya tenki kuisomea geji, ulipinda wakati wa kurudisha pampu, hilo sasa ni kosa la yule kijana niliyemsifu, najua. Nikapima kwa ufito, kama nilivyopima asubuhi Iringa. Mafuta yamepungua kama vidole vinne. Hapa nisimwonee mtu: gari lilikuwa limetembea, na mengine walioshea tenki mbele ya macho yangu. Lakini vidole vinne ni vingi. Hebu fikiria simu ile: tajiri, pampu ya zamani sina, geji imekufa, na mafuta yamepungua. Hata mimi nisingejiamini. Posho ya safari ile ikakatwa, nikafika Tunduma kwa hela ya utingo.

Nikirudi nikasimama palepale, nikijiambia nakuja kurekebishiwa geji. Fundi mkuu hakuwepo. Kwenye rafu, ndani ya mfuko wa nailoni, imeoshwa ikapendeza, palikuwa na pampu ya aina yangu. Nikauliza bei. Wakasema mtumba wa Ulaya, ya uhakika. Sisemi ni ile. Nasema tu soketi yake ilikuwa imevunjika sikio moja, upande uleule kama ya kwangu. Yule kijana akanitazama, akageuka, akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Sasa mnataka niipe gereji nyota. Kwa kazi ya mikono, nne; moja imeondoka na boya. Kwa bei sina neno, haikuwa ya wizi. Ukikwama karibu na pale nenda, muulizie dogo mwembamba mwenye kofia ya sufu, usikubali kushikiwa na mwingine. Ila piga picha ya pampu yako ikiwa bado ndani ya tenki, na mkubaliane kuhusu ya zamani kabla hawajashika nati hata moja. Au usiende. Kila nikikumbuka "ukaipike" naona heri ungevutwa mpaka Mbeya. Wekeni mbili. Haya, tatu, dogo asije akaumia kwa ajili ya mkubwa wake.

Geji hawakuirekebisha. Inasoma nusu mpaka leo, na ufito wangu uko nyuma ya kiti.