Seramu ya kufifisha madoa: ipi ununue kwa joto hili la Kigoma

Mnaouliza mchukue ipi kati ya hizi seramu za vitamini (vile vimiminika vya kupaka usoni) zilizojaa maduka ya Mwanga hapa Kigoma, tuelewane kwanza kabla hujatoa hela: hazikufanyi mweupe. Zinafifisha madoa ya chunusi na kuilinganisha rangi, basi, na ni kwa wiki nane kumi hivi sio siku tatu. Afu kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya SPF 30 (hicho ni kipimo cha kinga) uachane na hizi, maana jua la huku linarudisha doa lote.

Namba moja kwangu ni niasinamaidi, yaani vitamini B3, asilimia 4 au 5. Inapunguza rangi inayopanda kwenye seli za juu za ngozi, na joto wala mwanga haviisumbui, kwahiyo hata ikikaa miezi kwenye duka la bati bado inafaa. Za asilimia 10 zinawasha wengine bure tu.

Namba mbili vitamini C, ile askobiki asidi ya asilimia 10 mpaka 20. Kwa nguvu ndo baba lao, hasa ikichanganywa na vitamini E na asidi ya feruliki inayotoka kwenye mimea, ila inakufa kirahisi balaa, hewa, mwanga, joto, vyote adui, sa we unaikuta imepangwa mbele kabisa ya duka kwenye chupa inayoonyesha ndani na jua linaipiga tangu asubuhi! Iache. Taka chupa nyeusi, mwambie muuzaji akudondoshee tone kwenye tishu: ikiwa kama maji au njano ya mbali beba, ikiwa ya chungwa au kahawia mrudishie mwenyewe. Nyumbani iweke friji.

Tatu mafuta ya vitamini E. Yanalainisha ngozi kavu, madoa sahau. Najua watu wa Ujiji mtasema mbona hata mawese yanayo, kweli yanayo, na karotini, ile rangi ya chungwa, juu, ila foronya itageuka njano, bora yabaki kwenye samaki wetu migebuka.

Ndimu usipake, inaunguza.

Mkorogo hauna namba. Zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi ni marufuku, kwahiyo kopo lisiloandikwa viambato, hata uambiwe limetoka ng'ambo ya ziwa na shoga yako limemtoa bomba, muachie muuzaji.