Ruff kwenye laptopu ya RAM GB 4

Nafundisha Python jioni hapa Morogoro, na laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu, kwa hiyo programu nzito sizitaki. Ruff, zana ya kukagua makosa na kupanga msimbo wa Python, imenifurahisha sana. Kuiweka ni mstari mmoja kwenye dirisha la amri, `pip install ruff`, na bando halikuumia. Imeandikwa kwa Rust, lugha ya programu yenye kasi. `ruff check`, amri ya kukagua makosa, inamaliza folda nzima kabla sijaondoa kidole kwenye Enter. Ukiongeza `--fix`, makosa mengi inayarekebisha yenyewe.

Programu-jalizi ya Ruff kwa VS Code (kihariri cha msimbo) inakuja na Ruff yake ndani, lakini ikikuta nyingine kwenye mazingira ya mradi, hutumia hiyo kwanza. Hapo wanafunzi huchanganyikiwa: matoleo mawili yakitofautiana, maonyo nayo hutofautiana. Nawasisitizia waiweke ndani ya venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) ya kila mradi.

Kisichonipendeza: `ruff format`, amri ya kunyoosha mwonekano wa msimbo, haipangi mistari ya `import` kwa mfuatano. Inabidi uwashe kanuni za `I` (za kupanga `import`), kwa mfano kwenye `pyproject.toml`, faili la mipangilio ya mradi, kisha uendeshe `ruff check --fix`. Mgeni atalijuaje hilo? Naipa nyota nne, na Flake8 (ya kukagua makosa) na isort (ya kupanga `import`), zana nilizokuwa nazo, nimeshaziondoa.