Kuingia GitHub bila nywila: uzoefu wangu na gh

Kama unahifadhi msimbo wa programu zako GitHub (tovuti ya kutunza na kushirikiana misimbo) na bado unatengeneza tokeni, yaani ufunguo mrefu wa maandishi unaotumika badala ya nywila, kwenye tovuti, unaikopi na kuibandika kwenye terminali kila unapohamia mashine mpya, jaribu gh. Ni programu ya GitHub wenyewe ya kuendeshwa kwa amri za terminali, ya bure, na toleo lake la 1.0 lilitoka Septemba 2020. Mimi kwa sasa sitaki njia nyingine.

Raha yake ni kwamba mashine haihitaji kivinjari. Natunza programu ya mauzo ya wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Inakaa kwenye kompyuta ndogo isiyo na skrini, juu ya rafu nyuma ya magunia, nami naifikia kwa SSH (njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa amri) kutoka kwenye laptopu. Naandika `gh auth login`, inaniuliza maswali machache, nachagua HTTPS (njia ileile salama ya tovuti) na kuingia kwa kivinjari, ambacho kinaweza kuwa cha simu. Inatoa msimbo wa herufi na namba nane, nne kwa nne, kistari katikati. Nashika simu, nafungua github.com/login/device, nauandika, naidhinisha. Basi, nimeshaingia. Nywila yangu haijagusa kompyuta ile kabisa, na kwa mashine inayoguswa na kila mtu dukani, hilo kwangu ni kubwa. Msimbo unaishi dakika 15, kwa hiyo hata bando likiisha katikati unawahi kununua jingine.

Vijana wanaojifunza huku Nyegezi bado wanafuata video za zamani zinazosema uandike nywila ukifanya `git push`, amri ya git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) inayopeleka kazi yako GitHub. Inakataliwa, wanadhani wameikosea, wanairudia mpaka wanakata tamaa. Inauma kuona, maana kosa si lao: tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei tena nywila ya akaunti kwenye git. Huwa namwambia mtu, dogo, achana na nywila, weka gh, ingia, halafu piga `gh auth setup-git`. Kuanzia hapo git inachukua kibali yenyewe kutoka kwa gh.

Git inaweza kutumia SSH pia badala ya HTTPS, na gh inaweza kukutengenezea ufunguo wake na kuupandisha GitHub. Ila mitandao mingine ya ofisi na hosteli hufunga poti 22, mlango wa mtandao ambao SSH hupitia, ndiyo maana nabaki na HTTPS.

Sasa hili lisikupite. `gh auth logout` inafuta kwenye mashine tu ile tokeni ambayo gh ilipewa ulipoingia, haiiui kule GitHub. Kama ulitumia kompyuta ya watu, ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako, sehemu ya programu ulizoziruhusu, uifutie gh kibali. Tena, kwenye mashine isiyo na hifadhi ya siri ya mfumo (sehemu salama ya kutunzia nywila na tokeni), tokeni huandikwa wazi kwenye faili la hosts.yml, ndani ya ~/.config/gh. `gh auth status` itakuonyesha iko wapi. Kwa ile ya Mwaloni nimefungua akaunti ya Linux ya peke yake kwa ajili ya programu, na wauzaji wanatumia yao.

Kuiweka ni rahisi: Windows ni `winget install GitHub.cli`, Mac ni `brew install gh`, na wa Linux maelekezo yapo cli.github.com.