Glopu za taa za nje kwa gari la zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa pesa, washa injini na taa za mbele, kisha pima volti kwenye betri na kwenye plagi ya taa, glopu ikiwa inawaka. Betri ikisoma 14 na plagi ikisoma 12, ubaya si wa glopu. Glopu ya uzi ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga wake hushuka kwa karibu asilimia 30, na hapo hata ununue ya bei gani, taa itabaki ya manjano na dhaifu. Gari linalolala nje Likoni, Nyali au Mtwapa, huku pwani ya Kenya, huliwa na upepo wa chumvi, hasa pale waya ya athi, ile inayorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, inapofungwa kwa bolti kwenye bodi. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena, paka grisi juu. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Ikiwa glopu imeungua kweli, tungenunua kwa mpangilio huu.

1. Halojeni ya kawaida ya kampuni inayojulikana

Halojeni ni ile glopu ya uzi ya taa za mbele. Chukua Philips, Osram, Koito au Stanley, za wati zilezile gari lilizotoka nazo kiwandani. Toyota Probox na Corolla nyingi za zamani hutumia glopu ya aina ya H4 ya 12V 60/55W: nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wati 60 za fulu na 55 za dimu. Usikisie. Toa ile mbovu usome kitako chake, maana aina nyingine kama H7, H1 na HB4 haziingiliani nayo. Bandia zimejaa sokoni, kwa hivyo angalia maandishi kwenye chuma: volti, wati, na herufi E yenye nambari ndani ya duara. Yakifutika kwa kidole, irudishe kwa muuzaji. Nunua mbili kwa pamoja, kwani ya upande wa pili imefanya kazi saa zilezile na haitakawia kufuata.

2. Halojeni ya maisha marefu

Mwanga wake ni mdogo kidogo, lakini hudumu. Inamfaa anayewasha taa kutwa nzima, au mwenye gari ambalo kufikia glopu ni lazima kwanza betri itolewe.

3. Halojeni ya mwanga zaidi

Ni zile zilizoandikwa +100 au +130, yaani asilimia ya mwanga wa ziada inayodaiwa na kampuni. Wati ni zilezile 60/55, hivyo waya haziumii, ila uzi huwaka kwa joto kali zaidi na hukatika mapema. Anayekwenda Voi au Malindi usiku kila mara atafaidika nazo. Zenye kioo cha buluu ziache. Ile rangi inazuia mwanga uliolipia.

4. LED, kwa taa ndogo peke yake

LED ni taa zisizo na uzi. Kwenye taa ya nambari na pakingi zinafaa. Kwenye indiketa, zinavuta umeme kidogo mno hata flasha, kile kifaa kinachopigisha indiketa, ikadhani glopu imekufa, ikaanza kupiga mbiombio. Badilisha flasha uweke ya LED. Kwenye taa kubwa ya halojeni, hapana. Kioo cha nyuma ya taa kimechongwa kufuata mahali hasa uzi unapokaa, na LED isipokaa papo hapo hutawanya mwanga. Wewe utaona barabara imekuwa nyeupe, huku dereva wa lori anayekuja kutoka Mariakani haoni kitu. Hilo ni hatari kwenu nyote wawili.

5. H4 ya 100/90

Usinunue. Umeme wa fulu unapanda kutoka ampea 5 hadi zaidi ya 8 kwa kila taa, na waya za miaka ishirini hazikuwekwa kwa mzigo huo. Plagi hugeuka kahawia, huyeyuka, na baadaye hata glopu sahihi haishiki vizuri.

Kwa taa za nyuma ya gari, soma tena kitako. Taa ya breki iliyochanganywa na ya usiku kwa kawaida ni P21/5W: ina vidoti viwili vya risasi chini, na pini zake za ubavuni hazilingani urefu ili iingie upande mmoja tu. Ikikataa, izungushe nusu duara; usiilazimishe. Ukichomeka yenye kidoti kimoja, kidoti hicho hugusa njia zote mbili, na ukikanyaga breki taa za usiku nazo zinawaka. Kutu ya kijani ndani ya holda itolewe kwa msasa laini kabla glopu mpya haijaingia.

Kupachika H4: zima taa, subiri ipoe, chomoa plagi, vua mpira, fungua kishikizo cha waya. Usiguse kioo cha glopu mpya, kwa sababu mafuta ya vidole hufanya sehemu moja ichemke kupita nyingine na kioo kikapasuka. Ukikigusa, kifute kwa spiriti. Sikio pana la kitako likae juu. Mpira uliopasuka ununuliwe upya, la sivyo unyevu utaingia na kuharibu ule mng'ao wa ndani.

Maliza kwa kuegesha mbele ya ukuta giza likiingia, uwashe dimu. Mstari wa mwanga uwe umenyooka, upande wa kushoto ukiinuka kidogo. Ukiona doa limepinda au limerukia juu, glopu haijakaa. Itoe uipachike tena.