Kabla hujalipia jiko la gesi, chungulia nozo kwanza

Jamani naomba tuongelee nozo, kile kidude chenye tundu kinachopitisha gesi kwenye plet ya jiko, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza mbona jiko jipya linatoa masizi, na mimi mwenyewe limenikuta. Nilinunua jiko zuri la plet nne, nikaunga kwenye mtungi, nikawasha, moto ukapanda wa njano mrefu unalamba mpaka mikono ya sufuria, siku mbili tu matako ya sufuria zote meusi tii. Muuzaji akasema tatizo ni gesi, nikabadilisha mtungi, yaleyale. Fundi ndio akaja akatoa kifuniko cha plet, akamulika na tochi ya simu, akanionesha kidude cha shaba kina tundu katikati na namba ya ukubwa wa tundu imegongwa pembeni. Nozo ya gesi ya bomba.

Kumbe gesi sio moja. Ya bomba ni gesi asilia, karibu yote methani. Ya mtungi ni propani na butani, zinatoka kwenye visima vya gesi na kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ghafi, ukizigandamiza kidogo tu zinakuwa maji ndio maana zinakaa mtungini, wakati methani mpaka uipooze hadi nyuzi -162 hivi. Sasa kwa ujazo uleule propani ina nishati kama mara 2.5 ya gesi asilia, kwahiyo tundu lake lazima liwe dogo, likiwa kubwa gesi inazidi hewa, haiungui yote, unapata masizi na kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua.

Sasa ukinunua jiko, namba 1 kwangu ni majiko ya Bosch, na sibadilishi. Majiko yao mengi ya gesi yanakuja na nozo za akiba kwenye boksi, ukihama kutoka mtungi kwenda bomba fundi anabadilisha nozo na kurekebisha moto mdogo, basi.

Namba 2, jiko lolote lenye stika nyuma inayotaja aina ya gesi na presha, mfano 28-30 mbar (milibari, kipimo cha presha) ni ya mtungi, 20 mbar mara nyingi ni gesi asilia. Halafu hakikisha nozo zinaendana na stika, usiamini mdomo wa mtu.

La mwisho, la mafuta ya taa. La utambi halina habari za nozo, ila harufu na moshi, na mafuta yakichanganywa na petroli linalipuka.

Kinachoniuma ni wauzaji. Unamuuliza hili ni la gesi gani anakujibu "gesi ni gesi dada", ukirudisha anasema umeshalitumia, nozo mpya ujinunulie na fundi umlipe wewe, kosa lake unalilipia wewe! Mwambie afungue boksi hapohapo, atoe kifuniko cha plet, mzisome zile namba pamoja. Akikataa, beba hela yako uondoke.