Moodle kwenye simu: mihula miwili nikiwa milimani

Nafundisha sekondari ya kata huku milimani Lushoto, na huu ni mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili ya elimu kwa masafa. Masomo yetu yote yamo kwenye Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni, nami naitumia kwa programu ya simu kwa sababu kompyuta sina. Nawaandikia walimu wenzangu wanaojiuliza kama wataweza kusoma wakiwa mbali na mji.

Mtaweza, popote mlipo. Ila hiyo "popote" ina masharti yake.

Kwetu mtandao unakamata vizuri pale njia panda ya gulioni. Nyumbani unakuja na kupotea. Kilichoniokoa ni kialama kidogo cha wingu lenye mshale kando ya kila mada. Ukikigusa, mada nzima inashuka kwenye simu, na faili zikiwa kubwa unaambiwa kwanza ni MB ngapi. Siku ya gulio nasimama pale kama dakika ishirini, nashusha mada za wiki, nazima data. Usiku watoto wakishalala nasoma bila kugusa bando. Hata mchango wangu wa mjadala naandika hukohuko gizani. Unakaa kwenye simu mpaka nipate mtandao, ndipo unapanda.

Mwanzilishi wa Moodle, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia Magharibi akisoma kwa redio ya masafa mafupi, akaja kutoa toleo lake la kwanza mwaka 2002. Nikiwa njia panda na simu mkononi huwa namkumbuka.

Sasa machungu. Muhula wa kwanza, kazi moja iliandikwa mwisho wake ni tarehe 15, 12:00 AM. Mimi na wenzangu kadhaa tukajua tunayo tarehe 15 nzima. Kumbe ni saa sita usiku wa kuamkia tarehe 15! Nilipandisha kazi yangu saa mbili usiku siku hiyo, nikakuta maandishi mekundu kwamba nimechelewa saa ishirini. Nikakatwa alama tano. Iliniuma sana, maana kazi ilikuwa tayari tangu juzi yake. Mhadhiri angeweka 11:59 PM, yaani saa 5:59 usiku, asingepotea mtu.

Jaribio la dakika 30 nalo lilitaka mtandao mwanzo mpaka mwisho, nikalifanyia kwenye benchi la fundi cherehani pale gulioni, mashine inalia ubavuni. Fundi alinisogezea kiti kivulini bila kuniuliza kitu. Nilifaulu.

Kwenye somo la teknolojia ya elimu tulifundishwa nadharia ya Fred Davis ya mwaka 1989, kwamba mtu huipokea teknolojia akiona ina manufaa na ni rahisi kuitumia. Nakubaliana nayo kabisa. Lakini nilichokiona ni kwamba manufaa na urahisi wenyewe viko mikononi mwa anayeandaa somo. Programu ni ileile, simu ni ileile. Mhadhiri mmoja alituwekea video za saa nzima, moja ikifika MB 400, na yeye akionekana amekaa tu anasoma slaidi. Wa takwimu alirekodi sauti za dakika kumi kumi, na notsi za PDF kando. Hizo nimezisikiliza nikipanda mlima kwenda shuleni, nikarudia ya tatu mara nne mpaka mkengeuko wastani ukaniingia. Swali nililomuuliza kwenye mjadala alilijibu siku ya pili. Vyuo vinavyowapima wanafunzi kama wameipokea teknolojia viwapime na wahadhiri.

Programu yenyewe ni ya bure, gharama ni bando tu. Naipa nyota nne kati ya tano.

Muhula ujao nina mbinu za utafiti. Mada nne zimeshawekwa, zote PDF, jumla MB 11. Siku ya gulio nazishusha.