Ha Long Bay kwa siku moja: kabla hujalipa uliza masaa mangapi MAJINI

Haya wadau, asalaam aleikum, habari za saa hizi, karibuni tena. Leo sizunguki sana maana juzi nimetoka Ha Long, ghuba ya visiwa vya mawe huku Vietnam, mabega bado yanauma kwa kupiga kafi, na nataka niongee wakati safari bado imo moyoni.

Kwa anayeingia leo kwenye chaneli, mimi mtu wa Tanga, niko hapa Hanoi mwaka wa pili, naenda sehemu kwa hela yangu nikirudi nakwambia nilichokiona. Na Ha Long nimeenda mara mbili, mwezi wa tatu mwaka huu na sasa hivi mwezi wa kumi na moja, kwaiyo naweza kulinganisha. Mara ya kwanza nilikasirika mpaka sikuposti video. Mara ya pili, wallahi, nilitaka kulala kulekule.

Visiwa karibu elfu mbili, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1994, jina maana yake joka linashuka, hayo mnayajua na picha mmeziona. Siendi huko. Naenda kwenye masaa.

Tangazo linasema safari ya siku nzima. Siku nzima ya nini? Basi linakuokota mjini Hanoi saa mbili asubuhi, mnapita barabara mpya ya kulipia, masaa mawili na nusu hivi na kituo cha choo humohumo, mnapanda boti saa sita kasoro robo, mnashuka saa kumi na moja na nusu jioni, Hanoi unaingia saa mbili na nusu usiku. Masaa kumi na mbili na nusu, lakini juu ya maji ni kama sita. Na hiyo ndo ile nzuri. Ile ya mwezi wa tatu, sitaji kampuni, nilikaa majini masaa manne tu kwa sababu njiani walitupitisha kwenye duka la lulu tukazungushwa dakika arobaini tukiangalia mikufu, sasa mimi nimelipia bahari au nimelipia mkufu? Na siku hiyo ukungu umeshuka mpaka visiwa huvioni, manyunyu, baridi. Hilo la ukungu si kosa la mtu, mwezi wa kwanza mpaka wa tatu ndo hali yake, ila aliyeniuzia tiketi alikuwa analijua na hakusema neno.

Kwaiyo swali la kuuliza kabla hujatoa hela ni hili: masaa mangapi majini, na je Luon imo? Hang Luon, yani pango la Luon, lile unalopita kwa kayaki. Andika jina. Asipokujibu moja kwa moja ondoka.

Nataja pango la Sung Sot haraka haraka kwa sababu boti nyingi za siku moja zinapita pale. Ni kubwa, ni kubwa kwelikweli, Wafaransa mwaka 1901 waliliita pango la mshangao na chumba cha pili unaingia unahisi umeingia ukumbi wa sinema. Ila zile taa! Kijani, zambarau, pinki, kwenye jiwe lililochukua miaka maelfu kuota tone kwa tone. Mi nimekulia Tanga, mapango ya Amboni yako kilomita nane hivi toka mjini, nimeingia toka niko shule ya msingi, pale unaongozwa na tochi, mwenyeji anamulika jiwe moja anakwambia angalia hili, alaf anazima, na lile giza ndo linalokufanya uheshimu pango. Mchina, Mkorea, Mhindi, wote tulikuwa kwenye foleni moja tunasukumana kwenye ngazi, nusu saa tumetoka. Jiwe zuri, taa mbaya. Basi.

Kisiwa cha Ti Top pia haraka: ngazi mia nne na kitu, juu unaona ghuba yote, chini kuna sanamu ya Titov, yule Mrusi aliyeenda anga za juu, alikuja hapa mwaka 1962 na Ho Chi Minh ndo kikaitwa kwa jina lake. Vaa viatu sio ndala. Twende.

Sasa tukae Luon, na naomba usiruke mbele.

Angalia hapa. Boti kubwa inafunga kwenye gati linaloelea, unashuka, unavaa jaketi okozi, unaulizwa kayaki au mtumbwi wa mianzi. Kwenye mtumbwi mnapanda watu wengi, mwenyeji anapiga makasia, nyie kazi yenu picha. Kayaki mnakaa wawili mnajipeleka wenyewe. Kwenye tiketi yangu bei ilikuwa ileile. Nasema chukua kayaki, na sababu sio mazoezi, sababu ni jicho lako liko wapi. Kwenye boti kubwa uko juu, visiwa vinapita pembeni kama unaangalia tivii. Kwenye kayaki umekaa usawa wa maji, unanyoosha mkono unagusa kisiwa. Ona hapa nagusa. Jiwe la baridi, lina ncha kali kama wembe, usiliburuzie kiganja.

Hili tundu mbele ndo mlango. Ukuta mzima wa jiwe umeshuka mpaka majini, chini kuna upenyo kama upinde wa daraja, unapita chini yake, dari liko mita chache juu ya kichwa na linatona maji, sikiliza... hiyo tap tap tap ni maji yanatoka juu yanapita ndani ya jiwe. Mwangwi wa kafi unarudi. Kila mtu ananyamaza, hata wale waliokuwa wanapiga kelele kwenye boti, sijui kwanini lakini wote tulinyamaza. Alaf unatokea upande wa pili na hapa ndo nilishindwa kuongea, mtanisamehe hii sehemu ya video haina sauti yangu: ziwa la duara, maji ya kijani, kuta zimekuzunguka pande zote mpaka juu na miti imeng'ang'ania kwenye jiwe tupu, hakuna njia nyingine ya kuingia wala kutoka ila lile tundu. Nyani wadogo wale kwenye mwamba, unawaona? Pale kushoto.

Simamisha hapa sasa. Hii mistari ukutani. Huu wa juu ndo maji yanapoishia yakijaa. Hapa chini chaza wamegandana, na wakati napita walikuwa nje ya maji, wameloa, yani maji yalikuwa yanashuka. Na hapa katikati jiwe limelika likaingia ndani, kisiwa kizima kimesimama juu ya shingo. Ni jiwe la chokaa, bahari inaliyeyusha kidogo kidogo na vijidudu vya majini vinalikwangua na kulitoboa palepale kila siku. Watu wa Tanga hamtashangaa, pale bandarini kisiwa cha Toten jiwe la matumbawe limelika chini hivyohivyo limekaa kama uyoga, tofauti pale ni kimo cha nyumba na hapa ni kimo cha ghorofa ishirini na kitu.

Lakini kuna kitu kilinishinda. Nilivyorudi kwenye gati nikamuuliza kijana anayefunga kayaki, maji yanajaa tena saa ngapi leo? Akasema leo basi, mpaka kesho. Nikaona hajanielewa. Nikarudia kwa Kivietinamu changu nikaonyesha na mkono, maji, juu, leo, saa ngapi? Kesho. Jamani mimi babu yangu mvuvi, nimekua naambiwa maji yanajaa mara mbili yanakupwa mara mbili, masaa sita na dakika zake, hiyo ni kama kusema jua linachomoza. Nimefika nyumbani nikafungua jedwali la maji, na ni kweli! Ghuba hii ya Tonkin kwa siku nyingi za mwezi maji yanajaa mara MOJA na kupwa mara MOJA. Na wala sio madogo, yakiwa makubwa tofauti ya juu na chini inafika karibu mita nne, sawa na bamvua letu kabisa. Wataalamu wanasema ni umbo la ghuba yenyewe, urefu wake na kina chake, linaitikia ule mvuto wa mwezi na jua wa mara moja kwa siku kuliko ule wa mara mbili.

Na hapo ndo historia yao ikaniingia. Mwaka 1288 Wamongolia walikuja na meli, jemadari Tran Hung Dao akachomeka magogo yaliyochongwa ncha chini ya mto Bach Dang, sio mbali na hapa, akawavuta waingie maji yakiwa juu, yakapwa, meli zikakwama juu ya ncha. Kuna pango hapahapa ghubani linaitwa Dau Go na wenyeji wanasimulia kwamba magogo yalifichwa mle. Mi nilishasoma hiyo hadithi nikaiona ya kawaida. Sasa fikiria meli yako imekwama kwenye mti na maji hayarudi baada ya masaa sita, yanarudi kesho!! Yule mzee aliijua bahari yake.

Kwaiyo kwa upande wako wewe msafiri, angalia jedwali la maji la siku unayotaka. Yakiwa yamejaa sana dari la Luon linakaribia kichwa na mistari yote imezama, yakiwa yanapwa unaona shingo za visiwa. Mi nakushauri yanayopwa. Sijaona video yoyote inayosema hili, wote wanarusha droni juu, wimbo, dakika tano, kwaherini. Droni haiingii pangoni.

Bei sasa maana najua komenti zitajaa. Nililipa dola 52 kila kitu ndani, basi, chakula, viingilio, kayaki, hiyo kwa hela yetu ni kama laki na thelathini. Ile ya mwezi wa tatu ilikuwa 35. Tofauti ya dola 17 imenipa karibu masaa mawili zaidi majini na Luon, na hakuna duka la lulu. Kwangu mimi hapo hakuna mjadala. Noti yao ya dong laki mbili, hii hapa, nyuma ina picha ya kisiwa cha ghuba hii, kile kilichokaa kama chetezo cha ubani, boti ikipita iombe isogee.

Chakula kizuri, wali, samaki, na chapati ndogo za ngisi aliyetwangwa ndo sifa ya Ha Long. Ila kama huli nguruwe sema wakati wa kubuku, usisubiri mezani, na rudia tena ukipanda boti. Mi nilisema mara mbili wakanitolea sahani yangu peke yangu, kwa hilo nawashukuru.

Jaketi okozi. Naomba mnisikilize hapa. Mwezi wa saba 2025 boti ya watalii ilipinduliwa na dhoruba ya ghafla ndani ya ghuba hii hii, walikufa watu zaidi ya 30. Sisi watu wa pwani bado tuna watu wetu wa Spice Islander, ile meli iliyozama Zanzibar 2011, hatuhitaji kuelezwa. Ukipanda tu, uliza yako wapi, yaone kwa macho, kama una mtoto hakikisha lipo la saizi yake. Miezi yao ya joto, wa sita mpaka wa tisa, ndo ya dhoruba, boti zikizuiwa kutoka usigombane na mtu, chukua hela yako urudi.

Kuna mdau aliuliza kwanini nisiende Ninh Binh, ni karibu na Hanoi, mawe yaleyale, mito badala ya bahari, na wapigaji makasia wa Tam Coc wanapiga kwa miguu. Nimeenda, ni kuzuri, kuna utulivu zaidi na nafuu zaidi, na nilikuwa nasema kwenye video za nyuma kwamba Ninh Binh inatosha, Ha Long siku moja ni hasara, lala usiku au acha. Nabadilisha. Siku moja inatosha kama Luon imo na maji yanapwa. Wa Lan Ha, ghuba ya jirani upande wa kisiwa cha Cat Ba, nanyi nawasikia, kwamba ndo ileile bila msongamano, Cat Ba nayo imeingizwa urithi wa dunia 2023, nikienda nitawaambia.

Viza kwa pasipoti ya Tanzania unaomba mtandaoni, tangu Agosti 2023 wamefungulia nchi zote, siku mpaka 90, dola 25 ya kuingia mara moja. Hakikisha uko kwenye tovuti ya serikali yao, zipo nyingi za madalali zinachaji mara tatu.

Tumepita elfu kumi, asanteni sana, nasema kutoka moyoni. Maiki mpya imefika kwaiyo ule upepo mliolalamikia kwenye video ya Sapa hautakuwepo tena. Jumamosi naposti ile klipu nzima ya Luon bila kukata, dakika kumi na moja, kuingia na kutoka, sina maneno juu yake, kafi na matone tu. Vaa hedifoni.